Rangi za Kuku na Siri ya Urithi
Nasaha kwa wafugaji wa Tukuyu na Rungwe

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Katika Suratu Fatir, aya ya 27 na ya 28, Mwenyezi Mungu atuelekeza tutazame rangi. Ataja rangi za matunda yanayooteshwa kwa maji yale yale ya mvua, na rangi za milima yenye mistari, nyeupe na nyekundu na nyeusi sana, kisha ataja rangi za watu na za wanyama. Na mara baada ya hayo awataja wanavyuoni, kuwa hao ndio wamchao Yeye miongoni mwa waja wake. Si bure kwamba mambo haya mawili yamewekwa pamoja. Mwenye kuitazama rangi ya kiumbe kwa jicho la elimu huzidi kumcha Mola wake. Na mwenye kuitazama kwa jicho la ujinga aweza kutumbukia katika mashimo mawili: dhana mbaya juu ya mwenzake, au ushirikina.

Makala hii yakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa kiumbe asiyekosekana katika nyumba zetu, naye ni kuku.

NCHI YA RUNGWE NA KUKU WAKE

Tukuyu, mji ulioitwa Neu Langenburg zama za Wajerumani, umekaa juu ya vilima vya volkeno chini ya Mlima Rungwe, ambao kilele chake chakaribia mita 2,960. Mvua yake yapita milimita 2,000 kwa mwaka, nayo ni miongoni mwa nchi zenye mvua nyingi kabisa katika Tanzania. Migomba, chai, kahawa na maparachichi hustawi huko, na ukungu hushuka asubuhi hata mtu asione jirani yake. Waislamu wa wilaya hiyo ni wachache kati ya jirani zao Wakristo. Lakini uingie nyumba ya huyu au ya yule, ya tajiri au ya maskini, utawakuta kuku wakichakura chini ya migomba. Kuku ndiye akiba ya mama mwenye nyumba. Mgeni akija, kuku. Mtoto akitakiwa daftari shuleni, kuku. Mgonjwa akihitaji mchuzi, ni yeye tena.

Waswahili wa zamani hawakumwita kila kuku kwa jina moja. Pora ni jogoo mchanga. Tembe ni jike asiyetaga bado. Koo ni mwenye kutaga na kuatamia. Kidimu ni yule mwenye manyoya yaliyopindana kinyume. Kishingo ni mwenye shingo tupu. Kibutu hana mkia. Na kuchi ni yule mrefu wa miguu, mwenye kifua kipana. Lugha yenye majina mengi namna hii yashuhudia kwamba wazee wetu walikuwa watu wa kutazama.

Wataalamu nao wametazama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, waliwapima kuku wa asili wa sehemu mbalimbali za Tanzania, wakawatofautisha kwa majina: Kuchi, Singamagazi, Ching'wekwe, kuku wa Morogoro, na kuku wa Mbeya, mkoa ambao Rungwe imo ndani yake. Kuchi ni mkubwa wa mwili, Ching'wekwe ni mdogo aliyeshikamana. Basi kuku wetu si takataka isiyo na nasaba, kama wadhanivyo baadhi ya watu. Ni urithi, na urithi usipotunzwa hupotea.

KWA NINI WATU HUCHAGUA RANGI

Watu huchagua rangi kwa sababu nyingi, na baadhi yake ni njema. Mfugaji mwenye busara hapendi vifaranga weupe watupu katika nyumba iliyo karibu na pori, kwa kuwa mwewe huwaona kutoka mbali. Hupenda wa hudhurungi au wa madoadoa, ambao hufanana na majani makavu. Mwingine apenda kuku wake wafanane ili awatambue wakichanganyika na wa jirani, na hili laondoa ugomvi mwingi. Na mwingine apenda uzuri tu, wala si haramu. Mwenyezi Mungu mwenyewe ametaja katika Suratun-Nahl, aya ya 6, kuwa katika wanyama mna uzuri wa kuwafurahisha watu wanapowarudisha jioni na wanapowapeleka malishoni asubuhi.

Umbo la manyoya nalo lina faida yake. Kuku kishingo ana manyoya machache kuliko wenzake. Na akiwa ameirithi sifa hiyo kwa baba na kwa mama, manyoya yake hupungua kwa sehemu 40 hivi katika 100. Huyu afaa sana Kyela, kwenye joto la ufuko wa Ziwa Nyasa, lakini katika baridi ya Tukuyu mwezi wa Juni na Julai hana nguo ya kutosha.

Ama sababu moja ya kuchagua rangi ni mbaya, nayo ni ile ya waganga wa ramli, ambao humtaka mteja alete kuku mweusi pasipo doa, au mweupe, au mwekundu. Tutairudia baadaye. Kwanza yatupasa tuelewe rangi yatoka wapi.

SIRI YA URITHI

Mtawa mmoja wa nchi ya Austria, jina lake Gregor Mendel, alipanda njegere katika bustani, akahesabu rangi na maumbo yake kizazi kwa kizazi, akaitoa habari yake mwaka 1865. Watu hawakumjali mpaka mwaka 1900. Mwaka 1902 mwanachuoni wa Uingereza, William Bateson, alithibitisha kwa kuku kwamba kanuni ile ile yatawala pia katika wanyama. Kanuni yenyewe ni hii: kila kiumbe hupokea kwa baba yake fungu moja la kila sifa, na kwa mama yake fungu moja. Mafungu mawili yakihitilafiana, mara nyingi moja hushinda likaonekana, na jingine hujificha lisionekane, lakini halifi.

Chukua mfano. Jogoo mweusi na tetea mweusi, kila mmoja ana fungu la weupe lililojificha. Wakipandana, kwa wastani kifaranga mmoja katika wanne atapata weupe kwa baba na weupe kwa mama, naye atatoka mweupe. Mwenye nyumba asiyejua atasema, jogoo wa jirani ameingia. Jogoo wa jirani hana hatia! Weupe ule ulikuwamo humo humo nyumbani, labda tangu kwa bibi wa bibi yake.

Na weupe wa kuku si wa namna moja. Weupe wa kuku wa kizungu aitwaye White Leghorn ni weupe wenye kushinda: mpandishe na mweusi, watoto watatoka weupe, pengine na madoa machache. Lakini watoto hao wakipandana wenyewe kwa wenyewe, wenye rangi watatokea tena. Kwa hiyo kuku wawili weupe waweza kuzaa mwenye rangi, na wawili wenye rangi waweza kuzaa mweupe.

Yako pia mafungu ambayo hakuna lishindalo, bali hukutana katikati. Mfano wake mashuhuri ni kuku wa Andalusi, aliyepewa jina la ile nchi ya Hispania iliyokuwa na dola za Kiislamu tangu mwaka 711 hata mwaka 1492. Rangi yake ni kijivu cha wingu la mvua. Watu walitaka kijivu kitupu, wakawapandisha kijivu kwa kijivu, na kila mara wakapata vifaranga weusi na weupe wa madoa katikati yao. Sababu ni kwamba kijivu si rangi ya asili, bali ni makutano ya fungu la weusi na fungu la kufifiza. Ukipandisha kijivu kwa kijivu, katika kila vifaranga wanne hutarajiwa mmoja mweusi, wawili kijivu, na mmoja mweupe wa madoa. Ajabu ni kwamba, ukitaka vifaranga wote wawe kijivu, usiwapandishe kijivu hata kidogo! Mpandishe mweusi na yule mweupe wa madoa.

Na katika kuku mna siri nyingine yenye manufaa makubwa. Fungu la milia, kama ile ya kuku aitwaye Plymouth Rock, limefungamana na jinsi. Tetea mwenye milia huwarithisha watoto wake wa kiume tu. Majike hupata yao kwa baba. Basi ukimpandisha tetea wa milia na jogoo mweusi asiye na milia, vifaranga wote huanguliwa weusi, lakini madume huwa na doa jeupe kichwani, na majike hawana. Siku ile ile ya kwanza utajua nani ni pora wa kuuzwa na nani ni tembe wa kuwekwa. Lakini ukigeuza, jogoo akawa wa milia na tetea mweusi, alama hiyo haitakutofautishia.

BEDUI NA NGAMIA WAKE

Sasa, ndugu msomaji, lisikilize jambo ambalo kwa ajili yake tumeandika haya yote.

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwa Abu Huraira (R.A.), kuwa Bedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, na katika maneno yake mlikuwa na shaka. Mtume hakumkemea, wala hakumshuku mwanamke. Alimwuliza kama ana ngamia. Akasema anao. Akamwuliza rangi zao. Akajibu ni wekundu. Akamwuliza kama yumo mwenye rangi ya kijivu-jivu. Akakiri kuwa wamo. Akamwuliza basi hiyo rangi imetoka wapi. Bedui akajibu kwa kinywa chake mwenyewe, kuwa labda ni asili ya nyuma iliyomvuta. Ndipo Mtume akamwambia kuwa na mwanawe huyu, labda ni asili iliyomvuta.

Tazama hekima hiyo. Alimfundisha kwa jambo alilolijua kila siku katika zizi lake, na kwa ngamia mmoja wa kijivu akaikoa ndoa, akaihifadhi heshima ya mwanamke, akampa mtoto baba yake. Lau Bedui angalikuwa mtu wa Rungwe, huenda angaliulizwa habari za kuku.

Jambo hili halikwisha na Bedui. Hata leo wako wanaume ambao, mtoto akitoka mweupe kuliko wao au mweusi kuliko wao, humtazama mkewe kwa jicho la pembeni. Na shida huwa kubwa zaidi mtoto akizaliwa na ualbino. Wazazi wote wawili huwa na ngozi nyeusi, na katika ukoo hakuna akumbukaye mtu wa namna hiyo. Basi mama husukumwa, husingiziwa, pengine huachwa. Lakini ualbino hurithiwa kwa njia ile ile ya fungu lililojificha. Ili mtoto azaliwe nao ni lazima baba atoe fungu moja na mama atoe jingine. Baba amkimbiaye mkewe kwa sababu hiyo akimbia jambo ambalo nusu yake imetoka katika mgongo wake. Anayejua kwa nini kuku weusi wawili wamezaa mweupe, na bado akamtuhumu mama wa mtoto wake, huyo hana udhuru wa ujinga tena.

NAMNA YA KUFUGA KWA RANGI

Mwenye kutaka kuku wa rangi moja na ashike mambo haya.

Kwanza, achague jogoo kwa uangalifu, kwa kuwa jogoo mmoja atosha matetea 8 hata 10, na kila kifaranga ana nusu ya jogoo. Atazame kwanza afya, mwili, na utagaji wa mama yake jogoo, ndipo atazame rangi. Mwenye kutanguliza rangi hupata kuku wazuri wa kutazama wasiotaga.

Pili, awatenge matetea na majogoo wengine wiki 3 kabla ya kuweka mayai ya kuanguliwa, kwa sababu mbegu ya jogoo huweza kukaa ndani ya tetea kwa wiki 2 hata 3. Hatumlinganishi mwanadamu na mnyama, lakini mwenye kutafakari ataona kwamba hata katika ufugaji hakuna kujua nasaba pasipo kungoja.

Tatu, ayatie mayai alama kwa penseli, asiyaweke zaidi ya siku 7 kabla ya kuatamiwa, awafunge vifaranga kitambaa mguuni, kitambaa hicho akilegeze wakuapo, na aandike katika daftari: baba nani, mama nani, vifaranga wangapi, rangi gani. Pasipo daftari hakuna ufugaji wa rangi. Kuna bahati tu.

Nne, akitaka kujua kama jogoo wake mweusi ameficha weupe, ampandishe na tetea aliye mweupe kwa ule weupe wa kujificha. Wakitokea vifaranga weupe, siri imefichuka. Wakitoka 10 au zaidi pasipo mweupe hata mmoja, yaelekea jogoo huyo ni safi.

Tano, asimpandishe jogoo na binti zake, na tena na binti za hao. Rangi itatulia upesi, lakini mayai yatakuwa hayaanguliki na vifaranga watakuwa dhaifu. Abadilishane majogoo na mfugaji wa kijiji kingine kila mwaka.

Sita, asisahau kideri. Ugonjwa huu waweza kuwamaliza kuku wa nyumba nzima kwa siku chache, na daftari lote likawa karatasi tupu. Chanjo ya I-2, ambayo hutengenezwa hapa hapa Tanzania na Wakala wa Maabara ya Veterinari, hustahimili joto kuliko nyingine, nayo hutiwa tone moja katika jicho, kila miezi 3. Majirani wakichanja siku moja pamoja, huwa bora zaidi. Na mwenye swali na amwendee bwana mifugo wa kata, au kituo cha utafiti wa mifugo kilichoko Uyole.

Neno moja kuhusu chotara. Sasso wa asili ya Ufaransa na Kuroiler wa asili ya India wameenea sana, nao hukua upesi. Hakuna ubaya kuwafuga. Lakini hao ni mchanganyiko wa kabila nyingi. Mayai yao yakiatamiwa, watoto hawafanani na wazazi wala hawana nguvu zile zile. Mwenye kuwaachia majogoo wa chotara wachanganyike na kuku wake wa asili huivuruga kwa mwaka mmoja kazi ya vizazi vingi. Kila kundi na liwe na banda lake.

RANGI SI DAWA

Sasa twarudi kwa mganga wa ramli. Mfugaji mwenye kuku weusi watupu hatakosa mteja wa namna hii: hapatani bei, hatazami uzito, ageuza bawa tu kutafuta doa. Hulipa kuliko mnunuzi wa kitoweo. Basi Mwislamu afanyeje?

Kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu kumeharimishwa wazi katika Suratul-Maida, aya ya 3, na nyama hiyo ni haramu kuliwa. Na imo katika Sahihi ya Muslim kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Ama muuzaji, wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelijadili jambo linalofanana na hili, nalo ni kumwuzia zabibu mwenye kukamua pombe. Wakasema, akijua au akidhani kwa nguvu kuwa ndivyo zitakavyotumika, kuuza huko ni haramu. Akiwa na shaka tu, yachukiza. Na asili yake ni amri ya Suratul-Maida, aya ya 2, ya kutosaidiana katika dhambi na uadui. Basi kuku ni huyo huyo, na weusi wake ni huo huo. Kilichobadilika ni nia ya mnunuzi iliyokwisha kukudhihirikia. Hatusemi umhoji kila mteja. Lakini anayekuambia kwa kinywa chake kuwa huyu ni wa kafara ya mizimu, mrudishie fedha yake.

Mtu aweza kusema: ni kuku tu, madhara yake nini? Madhara yake tumeyaona. Mwenye kuamini kwamba katika manyoya meusi mna nguvu ya kuleta mali au kuondoa mkosi, amekwisha kuufungua mlango wa kuamini kwamba na ngozi ya mtu ina nguvu hiyo. Tanzania ilijifunza hayo kwa uchungu tangu miaka ya 2000, ndugu zetu wenye ualbino walipouawa na kukatwa viungo, watoto wadogo miongoni mwao, kwa kuwa waganga waliwaambia watu kuwa katika miili yao mna utajiri. Mwaka 2015 serikali ikawapiga marufuku waganga wapiga ramli. Marufuku hufunga mlango wa nje; mlango wa ndani, ambao ni moyo, haufungwi ila kwa elimu na imani.

Elimu yenyewe tumeiona. Weusi wa kuku ni fungu alilolipata kwa baba na mama. Halijui bahati ya mtu wala mkosi wake. Weupe wa mtoto mwenye ualbino ni fungu la namna hiyo hiyo. Halina dhahabu ndani yake wala laana. Lina haki tu ya kuhifadhiwa na jua, kwa kofia na nguo za mikono mirefu, na kupendwa na wazazi wake.

Basi, enyi akina baba na akina mama wa Rungwe na wa kila mahali, fugeni kuku wa rangi mzipendazo, na wafundisheni watoto wenu kuhesabu vifaranga na kuandika daftari. Mtoto akiuliza kwa nini huyu ametoka mweupe na mama yake ni mweusi, msimjibu kwa hofu wala kwa mzaha. Mwambieni kisa cha Bedui na ngamia wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuzitazama ishara zake wakazidi imani, atuhifadhie ndoa zetu na watoto wetu, na atuepushe na ushirikina wa dhahiri na wa siri. Amin.